Usukani kwa Mtani

Kuku wa Hamisa binti Salumu walitaga ndani ya motokaa. Lilikuwa gari la Kiingereza, Moris ya zamani yenye pua ya mviringo, nalo lilisimama juu ya magogo uani kwake Temeke, chini ya kibanda cha makuti alichokijenga marehemu mumewe. Kila asubuhi Hamisa alifungua mlango, akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa mayai, na kabla ya kufunga akasema maneno mawili matatu. Majirani walidhani anasema na kuku. Alikuwa anasema na Jabiri.

"Mchele umepanda bei," alimwambia. "Tabu kapata mjukuu mwingine. Mwanao bado kimya."

Kisha alifunga mlango taratibu, akakaa barazani kusuka ukili wa mikeka, kazi iliyompa riziki yake tangu awe mjane.

Jabiri alikuwa dereva wa Mzungu mmoja mpima ardhi, na Moris hiyo ndiyo aliyokuwa akimwendeshea. Alikuwa dereva mwenye adabu. Hata katika njia za mashambani zisizo na mtu wala mbuzi, kila alipokata kona alinyoosha mkono nje ya dirisha kuonyesha anakoelekea. Siku moja, ile siku pekee Hamisa aliyowahi kupanda gari hilo likiwa zima, alimwuliza mumewe anamwonyesha nani.

"Minazi," Jabiri alijibu bila kucheka.

Mzungu aliporudi kwao injini ilikuwa imekwisha kufa, akampa Jabiri gari kama mtu anavyompa mwenziwe koti lililochanika. Vijana wa Temeke walilisukuma kutwa nzima kutoka mjini, wakiimba, Jabiri amekaa kwenye usukani na kofia yake ya kaki, ananyoosha mkono kila kona ingawa gari lilikwenda polepole kuliko wapita njia. Watu walicheka hadi wakakaa chini.

Alikusudia kulifufua. Aliifungua injini, akaosha vyuma kwa mafuta ya taa na kuvipanga juu ya mkeka, akakataza mtu kuvigusa. Usukani nao aliung'oa ili ausugue kwa msasa, maana ulikuwa wa mti mzuri, umezungushwa juu ya mikono minne ya chuma. Aliusugua hadi ukawa laini kama kijiko cha mpingo. Kisha kifua kikambana, na mvua za mwaka ule hazikuisha akiwa hai.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na utani wao hauishii katika kutukanana njiani. Kwenye msiba wa Mzaramo, mtani Mnyamwezi ana kazi yake. Wafiwa wanapolia, yeye huchekesha. Humwigiza marehemu, humsema vibaya, hukamata kitu chake kimoja akaondoka nacho, na kitu hicho hakirudi mpaka mwenye msiba aende mwenyewe akakikomboe kwa kuku. Hapana anayekasirika. Wazee husema ndivyo walivyozikana tangu enzi za misafara, na maziko yasiyo na mtani huwaacha watu na uzito ambao hawajui pa kuutua.

Mtani wa nyumba ya Jabiri alikuwa Mihambo, mchukuzi wa mizigo aliyekuwa akiishi Tandale. Siku ya maziko alifika amechelewa makusudi. Alikuta usukani umeegemezwa kwenye kinu, akaunyakua. Akavaa kofia ya marehemu, akaushika usukani kifuani kwa mikono miwili, akaanza kuuzunguka ua mbio, akipiga honi kwa mdomo na kuwakanyaga wazee miguu.

"Piii! Piii! Nipisheni, Wazaramo wavivu! Jabiri kaninong'oneza jana, gari langu mpe Mihambo! Mzaramo anajua kuendesha ulimi tu!"

"Mwongo weye!" alimjibu shangazi mmoja wa marehemu, machozi yakimtiririka. "Mnyamwezi unajua kubeba mizigo, gari utalijulia wapi?"

"Ndiyo! Na leo nalibeba gari lenyewe!"

Alipofika mbele ya mlango wa chumba kilichokuwa na maiti alinyoosha mkono wa kulia, sawasawa na Jabiri, bega limeinuka kidogo na vidole vimekazwa, akakata kona. Kofia aliirudisha juu ya kinu. Usukani akaondoka nao hadi Tandale. Hamisa, ndani, amefunikwa nguo na kuzungukwa na wanawake, alisikia sauti ikicheka karibu naye. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Alipomaliza eda watu walimkumbusha: "Hamisa, nenda kakomboe usukani." Alisema atakwenda. Hakwenda mwaka ule wala uliofuata. Hakumweleza mtu sababu, lakini yeye aliijua vizuri. Kitu kikiwa bado kwa mtani, msiba haujafungwa, na katika msiba ambao haujafungwa marehemu hajaondoka moja kwa moja.

Mwanawe wa pekee, Mwishehe, hakuyaona hayo. Alikuwa shuleni Tabora, na treni haikumwahisha kumzika baba yake. Kutoka Tabora alipata nafasi katika chuo cha Makerere, kule Uganda, mtoto wa kwanza wa mtaa ule kufika huko. Mtaa mzima ulijivuna. Hamisa naye alijivuna, lakini kila Mwishehe alipokuja likizo alikuja kama mgeni. Alivaa viatu hata uani. Alisema "asante, mama" kila alipopewa maji. Alilala siku chache, kisha akawa na safari. Hamisa alimwekea sahani ya kauri na kijiko, akakaa mbali kidogo kumtazama akila, na moyoni akakiri kwamba anamwogopa mtoto aliyemzaa.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, Mwishehe alikuja na wenzake wawili. Mmoja aliitwa Gaudens, mtu wa Rombo, mpole, mwenye mikono mikubwa. Wa pili, Ansbert, alitoka Bukoba na alikuwa hanyamazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mmelala njiani?"

Kabla Mwishehe hajajibu, Ansbert alikuwa amekwisha liona gari. Alitua sanduku lake mchangani.

"Mwishehe! Ulituambia baba'ko aliacha gari bovu. Hukutuambia ni Moris ya pua!"

"Kwani Moris ya pua haiwi bovu?" Hamisa aliuliza.

Vijana walicheka wote, na Mwishehe akacheka pamoja nao. Ndipo wakamweleza. Chuoni walikuwa na chama cha kufufua magari ya Kiingereza ya zamani, yale yaliyotupwa nyuma ya gereji, wakayatengeneza na kuyashindanisha. Likizo hiyo wanafunzi wa vyuo waliorudi nyumbani Dar es Salaam, Wahindi waliosoma Bombei na Wazungu waliosoma Uingereza, walikuwa wametangaza mashindano katika barabara ya Kilwa, kutoka Mtoni hadi Mbagala na kurudi. Sharti lilikuwa gari liwe kongwe, na liwe limetengenezwa na wanafunzi wenyewe.

"Na Waafrika?" Hamisa aliuliza.

"Hawajaona Mwafrika mwenye gari la kushindana," Mwishehe alisema. "Wataliona la baba."

Alisema "la baba" kwa sauti ambayo Hamisa hakuwa ameisikia tangu mwanawe awe mdogo. Lakini alikuwa na swali moja tu.

"Mtakaa muda gani?"

"Likizo yote, mama. Kazi ni kubwa."

"Haya," Hamisa alisema, akainuka upesi wasimwone uso. "Wafukuzeni kuku, basi."

Hazikupata kutokea siku nzuri kama zile katika nyumba ile. Ua ulijaa spana, vibati vya mafuta na kelele za Ansbert. Mwishehe alivua viatu siku ya pili, na shati siku ya tatu. Sahani ya kauri ilirudi kabatini, kwa kuwa vijana walikula sinia moja, mikono myeusi kwa grisi hata baada ya kunawa, wakigombania ukoko wa wali. Hamisa aliwapikia kisamvu cha nazi na samaki, akawasikiliza wakibishana juu ya kabureta kama watu wanaobishana juu ya mirathi.

Viti vya gari vilikuwa vimeoza. Hamisa alisema ataviwamba yeye. Alijaza magodoro madogo kwa sufi, akayavika mkeka wa ukili wa rangi mbili, nyekundu na ya kijani. Mwishehe alikuja kukaa karibu yake jioni, akishika mwisho wa ukili ili usijikunje, akamwuliza habari za baba yake. Alitembeaje? Alipenda nini? Hamisa alimwambia yote. Alipomsimulia habari ya mkono na minazi Mwishehe alicheka sana, kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe hewani akautazama.

"Hivi?"

"Bega juu kidogo. Hivyo hivyo."

Injini iliwaka siku ya Ijumaa watu wakitoka msikitini. Ilikohoa, ikapiga moshi, ikanguruma, na mtaa mzima ukamiminika uani. Tabu, jirani wa Hamisa, alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Ansbert alimkumbatia kila mtu.

"Mama! Baada ya mashindano tunalipakia treni mpaka Mwanza, na meli mpaka Uganda! Litakaa Makerere watu walione!"

Mwishehe hakumtazama mama yake. Na Hamisa, katikati ya furaha ile yote, alihisi baridi. Gari likikamilika litaondoka, na aliyelitengeneza ataondoka nalo. Mwaka ujao atamaliza masomo, serikali itampangia kazi mbali, na yeye atabaki na kibanda cha makuti chenye doa la mafuta chini.

Kilichobaki kilikuwa usukani.

Mwishehe alikuwa amekwisha uulizia, na mama yake alikuwa amekwisha mwambia uko wapi. Sasa alikwenda Tandale mwenyewe. Alirudi amekasirika.

"Mzee kanikalisha, kanipa uji, kanitukana mpaka jua likapinda! Anasema ati mimi ni mtoto wa maiti, sio mwenye msiba. Ati nilikuwa kwao Tabora nikila viazi vyao baba yangu anazikwa. Anasema mama'ko aje mwenyewe na jogoo."

"Ndivyo ilivyo."

"Basi twende kesho."

"Kesho nina ukili."

"Kesho kutwa?"

"Ukili haujaisha, mwanangu."

Mwishehe alimtazama, na Hamisa akaona kwamba mwanawe ameelewa. Alikuwa na akili, ndiyo maana alifika alikofika.

"Mama," alisema polepole, "wewe hutaki liende. Unataka likae hapa litagiwe na kuku."

"Baba'ko hakulalamika."

"Baba yangu alitaka litembee!"

Siku ya pili Gaudens alikwenda kwenye magereji ya mjini akapata usukani wa chuma wa gari jingine. Tundu lake lilikuwa dogo. Alikaa barazani akalichonga kwa tupa kutwa nzima, kwa uvumilivu, mpaka ukaingia. Ulikuwa mbaya kutazama, mweusi, umepinda kidogo, lakini ulishika. Gari liliweza kutembea. Mwishehe hakuuliza tena habari za Tandale. Jioni mama yake alipompa maji, aliyapokea kwa mikono miwili.

"Asante, mama," alisema.

Neno hilo lilimchoma Hamisa kuliko yale ya ugomvi. Alikuwa ameushikilia usukani ili asimkose mtoto, na sasa gari linaondoka hata bila usukani, na mtoto amekwisha mpoteza akiwa bado nyumbani. Alikaa akifikiri. Afadhali aondoke na kitu cha baba yake mkononi, aliwaza, na aondoke akijua kwamba mimi ndimi niliyempa. Asubuhi alimkamata jogoo mwekundu, mkubwa kuliko wote, akamfunga miguu na kushika njia ya Tandale.

Mihambo alikuwa amezeeka. Mgongo uliobeba magunia ulikuwa umekubali kupinda. Lakini alipomwona Hamisa mlangoni na jogoo kwapani alipiga makofi.

"Eh! Mzaramo huyo! Nilidhani mmekufa nyote, nikaanza kutafuta watani wengine."

"Ungewapata wapi, na sura hiyo?"

"Jogoo mwenyewe kakonda. Mlikuwa mnamlisha madeni yenu?"

"Kula, ukinyamaza ndiyo faida yangu."

Walicheka, kisha mzee akaacha kucheka, akamtazama.

"Umekawia, mtani."

"Nimekawia."

"Nilijua sababu. Ndiyo maana sikutuma mtu kukukumbusha." Akainuka kwa taabu. "Kijana wako alipokuja nilimwona Jabiri mzima kasimama pale. Nikamtukana zaidi, nisije nikalia."

Usukani ulikuwa umening'inia kwenye ukuta wa udongo, ndani, nyuma ya mlango, miaka yote ile, mkewe akitundika vikapu kwenye mikono yake ya chuma. Mihambo aliuteremsha. Upande uliogusana na ukuta kulikuwa na mstari mwembamba wa udongo uliopanda juu ya mti, kama uzi. Aliufuta kwa kiganja. Hamisa aliuona mstari ule, akadhani ni vumbi la ukuta. Akaupangusa usukani kwa ncha ya kanga yake, na njia nzima ya kurudi Temeke akaukumbata kifuani kama alivyokuwa akimkumbata Mwishehe alipokuwa mchanga.

Mwanawe alikuwa chini ya gari. Hamisa alisema tu, "Haya, toka." Mwishehe akatoka, akaona. Hakusema asante. Aliweka kichwa chake begani kwa mama yake, na grisi yote, akakaa hivyo mpaka Ansbert akaanza kukohoa kwa makusudi.

Waliupaka mafuta ya nazi, wakaupiga vanishi, na ukang'aa kama siku Jabiri alipouacha. Gaudens alikuwa wa mwisho kuushika. Aliubisha kwa kifundo cha kidole hapa na pale, akakunja uso.

"Hapa unalia kama kibuyu," alisema. "Mti umezeeka, Mwishehe. Ule wa chuma una sura mbaya, lakini naujua. Nimeuchonga mwenyewe."

"Huu ni wa baba yangu."

"Najua. Tuutie siku ya kulionyesha gari. Kwenye mbio tutie wa chuma."

"Gaudens, mama yangu ameukomboa. Jogoo amekwisha liwa!" Mwishehe alicheka, akamshika rafiki yake shingo. "Unataka nikamwambie mzee amtapike?"

Wote wakacheka. Gaudens pia alicheka, akachukua spana akaukaza usukani mwenyewe, nati baada ya nati. Wa chuma akautupa chini ya kibanda.

Siku ya mashindano Hamisa na Tabu walisimama Mtoni, kandokando ya barabara ya Kilwa, karibu na kona ya mwisho kabla ya kamba ya kumalizia. Hamisa alikuwa na kanga mpya. Umati ulikuwa mkubwa, Wahindi na miavuli yao, Wazungu juu ya viti vya turubai, Waafrika juu ya miti na mapaa. Magari yalikuwa matano. Moris ilikuwa ndiyo ndogo, lakini viti vyake vya ukili vyekundu na kijani vilionekana toka mbali, na dereva wake alikuwa amevaa kofia ya kaki.

"Huyo Jabiri!" Tabu alipiga kelele. "Wallahi huyo Jabiri mwenyewe!"

Yaliondoka kwa mngurumo, yakaacha vumbi jekundu lililokaa hewani muda mrefu. Watu walingoja. Hamisa alishika tasbihi ndani ya kanga. Baadaye mtu aliyekuwa juu ya mwembe alipaaza sauti: "Yaja! Ya kwanza ndogo! Ndogo! Ya Makerere!"

Umati ulilipuka. Hata Wahindi walikuwa wanapiga makofi. Hamisa aliliona likitoka vumbini, peke yake, mengine nyuma kabisa, na akamwona mwanawe uso mzima, meno meupe, macho yakitafuta watu kandokando ya barabara. Yakampata. Alikuwa amekwisha fika kwenye kona. Aliacha usukani kwa mkono mmoja, akaunyoosha nje, bega juu kidogo, vidole vimekazwa, kama dereva mwenye adabu anavyoonyesha anakoelekea. Hamisa aliuinua mkono wake amjibu.

Gari halikukata kona. Lilikwenda moja kwa moja, kana kwamba barabara imenyooka, likaingia kwenye minazi.

Ansbert ndiye aliyefika kwanza. Alipokuja kwa Hamisa, yeye asiyenyamaza, hakuweza kutamka neno. Mkononi alishika kipande cha mti kilichopinda kama mundu. Nje kiling'aa kwa vanishi. Ndani kilikuwa tupu, kimejaa vumbi laini na njia nyembamba nyembamba za mchwa.

Walimzika kesho yake.

Ua ule ule ulijaa tena. Gari lilikuwa limevutwa, pua imebonyea, likarudishwa chini ya makuti kwa kuwa hakuna aliyejua pengine pa kuliweka. Gaudens alikaa kando ya usukani wake wa chuma, hali wala hanywi, hakuna aliyeweza kumwondoa. Wanawake walilia hadi sauti zikaisha, kisha kukawa kimya kibaya. Kila mtu alijua kinachongojewa. Mihambo alikuwa amefika tangu alfajiri. Alikaa chini karibu na kinu, kichwa ameinamisha magotini, hachekeshi, hatukani, hasemi.

Wazee walinong'onezana. Mmoja alimwendea, akarudi akitikisa kichwa. "Anasema leo hawezi. Anasema mchwa ni wa nyumbani kwake."

Habari zilifika ndani kwa Hamisa. Akajitanda kanga, akaomba njia, akatoka hadi mlangoni. Watu wakageuka kumtazama.

"Mtani," aliita.

Mihambo aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Umekuja kulia, au umekuja kazini?"

"Mtani, niache. Nimekuulia."

"Mie ndimi niliyekuja kuuchukua usukani. Ulinitukana, nikakutukana, jogoo ukamla. Ulikuwa utani wetu." Hamisa alikaza kanga kifuani. "Baba yake ulimchezea, Mihambo. Mwanawe hakuwapo, hakuona. Alitaka sana kuona. Leo yupo. Utamnyima?"

Mzee alifuta uso kwa kiganja. Kisha akashika kinu, akajivuta, akasimama. Aliangaza ua kama anayetafuta kitu cha kushika. Hapakuwa na kitu. Akainua mikono yake miwili mitupu mbele ya kifua, akaikunja kama ameshika usukani, na akaanza kutembea. Hakukimbia safari hii, wala hakumkanyaga mtu mguu. Aliuzunguka ua polepole, midomo yake ikitoa mlio mdogo wa injini, dhaifu, unaokatikakatika na kurudi. Akasimama mbele ya jeneza. Akavuta breki.

"Panda, baba," alisema. "Leo naendesha mie Mnyamwezi. Nyie Wazaramo mnakwenda mbio mno."

Kicheko kilimtoka Hamisa kabla hajakizuia, kifupi, cha ghafula, na wengine wakacheka naye, ua mzima, wazee kwa vijana. Na kilio kilichofuata hakikuwa kile cha asubuhi. Sasa watu walilia kama wanaotua mzigo.

Wanaume walilinyanyua jeneza. Mihambo alitangulia, mgongo umepinda, mikono imeshika usukani usiokuwapo. Hamisa alibaki mlangoni na wanawake wenziwe, Tabu amemshika kiuno, akawatazama wakishuka njia ya mtaa taratibu, hatua kwa hatua, hadi mwisho wa nyumba, mahali njia inapogawanyika kwenda makaburini. Pale mzee alipunguza mwendo. Akanyoosha mkono wa kulia, bega juu kidogo, vidole vimekazwa, akaungoja umati uone, kisha akakata kona, na jeneza likakata nyuma yake.